Kopo la Norman, Kopo la Nyawira

Mimi Hannah sijawahi kumpa mtoto mmoja kitu nikamnyima mwenzake. Muulize mtu yeyote hapa Kinoo. Norman na Nyawira walipokuwa wadogo nilikuwa nakata andazi mbele yao wote wawili, na yule aliyelilia kipande kikubwa alipewa kile kingine. Mbuzi akichinjwa, figo zilikuwa za Nyawira kwa sababu ndiye msichana, desturi yetu ndivyo isemavyo, lakini Norman naye hakuondoka pale bila ubavu wa kumtuliza. Baba yao, marehemu Kuria, alinicheka sana kwa tabia hiyo. Alisema siku yangu ikifika nitataka nizikwe nusu huku na nusu kule, asije mtoto mmoja akaonewa.

Yeye alitangulia, nami nikagawa shamba vivyo hivyo. Nilichukua kamba nikaivuta kutoka barabarani hadi kule chini bondeni. Upande huu wa Norman, upande ule wa Nyawira. Norman anafanya kazi kampuni ya bima na anakaa Lavington, kwenye nyumba yenye geti na askari ambaye kila nikienda ananiuliza jina kana kwamba tangu mara ya mwisho nimebadilisha. Norman akasema shamba ni la wanaume, msichana ataolewa. Nyawira, mwenye duka la jumla la vitambaa vya sare kule Ngara, akamjibu kwamba huyo bwana akipatikana atampeleka kwanza Lavington akakaguliwe getini. Maneno yakawa mengi. Norman akaleta mafundi wakajenga ukuta wa mawe palepale ilipopita kamba yangu, ukaja ukaja hadi ukagonga nyumba yangu, ukakomea hapo kwa sababu haungeweza kupita katikati ya kitanda changu. Nyawira naye akaenda kwa chifu. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Nyumba yangu ina milango miwili. Wa mbele unatokea upande wa Norman, wa jikoni unatokea upande wa Nyawira, na kila mmoja alikuwa na wake. Norman alikuja Jumamosi asubuhi, Nyawira alikuja alasiri akishafunga duka. Bahati mbaya ikiwakutanisha, walizungumza kupitia kwangu. Mmoja anasema, mama, mwambie huyo gari lake limeziba njia. Mwingine anasema, mama, mwambie huyo njia si ya baba yake peke yake. Mimi nasimama katikati nageuza shingo kama kuku.

Sasa tuje kwenye kifua, maana ndicho kisa chenyewe. Niliugua TB nikiwa bado bibi arusi. Nilitibiwa, nikapona, lakini ugonjwa ule uliniachia shimo sehemu ya juu ya pafu la kulia. Daktari wa siku hizo aliniambia nisijali, ni chumba tu kisicho na mtu. Kwa miaka mingi chumba kikakaa hivyo hivyo. Halafu, nywele zangu zikiwa zimeshakuwa nyeupe na kila mtu amenunua simu ya mkononi, nikaanza kukohoa.

Nitasema ukweli: kikohozi kile kiliniletea watoto. Kabla yake Norman alikuwa mtu wa Krismasi na Pasaka, na Nyawira alikuwa mtu wa kutuma mzigo kwa makanga wa matatu. Siku moja Norman alinipigia simu kikohozi kikanishika katikati ya sentensi, na kesho yake nikaona gari lake limesimama nje. Basi nikampigia Nyawira nikakohoa tena, mara hii kwa kukusudia, naye akaja. Nikaanza kuelewa mambo. Nilimtajia Norman kwamba dada yake ameniletea blanketi, na Jumamosi iliyofuata nikashushiwa godoro. Nikamsifia Nyawira godoro lile, jinsi mgongo wangu ulivyopona, nikapata jiko la gesi. Kina mama wa kanisa walipokuja kuniombea waliangalia vile vitu wakaniangalia mimi, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini hiki kikohozi nilikianzaje.

Norman ndiye aliyetangulia na habari za daktari. Alinipeleka kwa daktari wake huko Lavington, mtu mwenye haraka na mikono baridi, ambaye alikipiga picha kifua changu akanipa kopo lenye kifuniko chekundu. Akasema nimletee makohozi. Bila shaka nilimwambia Nyawira. Wiki hiyo hiyo akanipandisha ngazi hadi kliniki moja ya Ngara, nao wakanipa kopo lenye kifuniko cheupe, na maneno yakawa yale yale. Makopo yote mawili yalitakiwa Jumamosi.

Nikaketi kitandani na makopo yangu mawili. Kifua changu, kwa taarifa yako, kilikuwa kinatoa bidhaa za aina mbili. Asubuhi nikiamka kilitoa makohozi mazito ya kijani, yenye harufu tamu tamu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mchana, nikishafagia na kuzungukazunguka, kilitoa vipande vidogo vya kahawia, vigumu, kama makapi ya chai. Mtu mwingine angevichanganya. Lakini kuchanganya ni kwa wenye mtoto mmoja. Mimi nilifikiri, kama kawaida yangu, ni nani apewe nini. Norman ndiye kifungua mimba na ndiye anayekuja asubuhi, kwa hiyo kijani kikawa chake. Kahawia ikawa ya Nyawira. Kila kopo lilijaa kiasi kile kile, nikayafuta yakang'aa, nikajipikia chai kwa roho safi kabisa.

Majibu yalipotoka, Norman aliingia kwa mlango wake na karatasi mkononi. Maabara ya Lavington ilikuwa imeona bakteria, wenye jina refu ambalo Norman alilitamka taratibu kama jina la mkubwa wake kazini. Alasiri Nyawira akaingia kwa mlango wake na karatasi yake. Maabara ya Ngara ilikuwa imeona kuvu, ndugu wa ule ukungu unaoota kwenye mkate, na ilionekana imejipangia katika kile chumba changu kisicho na mtu. Kila mmoja aliposikia ya mwenzake alisema huyo mwenzake amedanganywa.

"Mum, usimeze hizo vitu za Ngara," Norman akaniambia. "Utaharibu maini bure. Ni bakteria, hapa imeandikwa."

Nyawira naye alinishika mkono. "Mum, hizo za Lavington zinakumaliza. Wewe uko na fungus kwa kifua. Hata mtoto wa shule akiona hii karatasi ataelewa."

Nikawaambia wote wawili ndiyo. Sasa nilikuwa na mifuko miwili ya dawa, antibayotiki za Norman na dawa za kuvu za Nyawira, na kila mmoja amenikataza za mwenzake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliwapa zamu. Nilimeza za Norman hadi zikaisha, halafu nikameza za Nyawira hadi zikaisha, halafu nikarudi kwa Norman. Haki bin haki.

Zamu zile zilikuwa na vituko vyake. Nikimeza za Norman, kijani kinapungua, ile harufu ya ndizi inapotea, na Norman anazunguka chumbani kama jogoo. Lakini ni wakati huo huo vile vipande vya kahawia vinaongezeka, vingine vina nyuzi za damu. Zamu ya Nyawira ikifika kahawia inapungua, naye anakaa jikoni akitamba kwamba si alisema. Kabla hajamaliza kutamba, kijani kinarudi na homa juu. Basi Norman analeta dawa kali zaidi ya ile ya kwanza. Kila mmoja wao alikuwa akishinda, na kila akishinda mimi napungua. Ile gauni yangu ya kanisani ilifika mahali ikawa inageuka na mimi nimesimama.

Usifikiri sikuona. Mimi ni mzee, si mjinga. Nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba vitu vile viwili vinafahamiana. Lakini fikiria na wewe. Kama ningesema, mmoja wao angekuwa amepatia na mwingine amekosea, na ninawajua watoto wangu: aliyekosea hangekanyaga tena pale kwangu. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa kutibu, ndiyo sababu kila mmoja alikuwa anakuja. Niliogopa kubaki na mtoto mmoja kuliko nilivyoogopa kikohozi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi methali hiyo naijua sana, nimewahi hata kuihubiria watu.

Jumamosi moja Norman alikuwa ameshaondoka na Nyawira hajafika. Nilikuwa nje naosha sufuria. Kikohozi kikaja kama siku zote, nikatema, nikaona ni damu tupu. Nikakohoa tena, ikaja nyingine, na karai lote la kuoshea vyombo likawa jekundu. Nilijaribu kumwita mtu nikakosa sauti. Hapo sikuona chochote cha kuchekesha. Niliogopa, niliogopa sana, nikamwita Kuria kimoyomoyo nikimwambia asiniharakishe.

Aliyeniona ni Mutiso, mpangaji wangu, ambaye ana pikapu ya kubebea mawe ya ujenzi. Alinibeba akaniweka mbele, akashika Waiyaki Way kuelekea mjini, vumbi la mawe likipeperuka nyuma yetu. Njiani aliwapigia watoto simu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mpangaji huona mambo yote. Norman aliambiwa dada yake ameshafika hospitalini. Nyawira akaambiwa kaka yake ameshafika na anatoa amri. Sijawahi kuona watu wakitoka Lavington na Ngara kwa kasi ile.

Hospitali yenyewe ni ile kubwa ambako kila mtu huishia, na daktari wa vifua aliyenipokea alikuwa msichana wa Pwani aitwaye Safa, mwenye buibui chini ya koti jeupe. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniambia shikamoo. Kinoo vijana wananiambia niaje. Shikamoo ile ilinifanya nitake kuketi vizuri hata na damu mdomoni. Alinidunga sindano, akanilaza kwa ubavu wa kulia, akakaa nami mpaka damu ikapungua. Halafu akawatoa watoto pembeni, lakini si mbali vya kutosha, nikasikia yote. Alisema damu ikirudi kwa wingi ule huenda tusiwahi. Norman akauliza kama hawawezi kukata hicho kipande cha pafu chenye shida. Daktari akasema pafu langu lingine limechoka, na nikiingizwa chumba cha upasuaji katika hali ile hawezi kuwaahidi kwamba nitatoka.

Mtu angedhani maneno kama hayo yatawafunga midomo. Norman akatoa karatasi yake ya bakteria. Nyawira akatoa yake ya kuvu. Walisimama mmoja upande huu, mmoja upande ule wa kitanda changu, na sasa walikuwa wanapitia kwa daktari.

"Daktari, mwambie huyo kama si hizo dawa zake za Ngara, mum hangekuwa hapa."

"Daktari, mwambie yeye ndiye alimpea dawa ya wrong disease."

Safa alizisoma karatasi zote mbili bila kumwambia yeyote kitu. Akazikunja akazitia mfukoni. Akaagiza kopo moja liwekwe kando ya kitanda, na kila kitakachotoka kifuani mwangu, asubuhi, mchana, usiku, kiingie humo. Nilimuuliza kama hawezi kuniongezea kopo la pili. Alinitazama kidogo, akauliza la nini, nikasema basi tu.

Nikalala pale siku nyingi nikitema katika kopo moja, na moyo wangu ukiwa haujatulia, maana nilijua sasa siri imeshikwa mkia. Watoto walikuja kila siku, kila mmoja na saa yake. Norman aliniletea zabibu, Nyawira uji kwenye thamosi. Sikumtajia yeyote alicholeta mwenzake. Sikuwa na nguvu za kufanya biashara.

Hatimaye Safa aliwaita wote wawili kwa wakati mmoja, asubuhi, akaja na vile visahani vidogo vyenye vifuniko ambavyo maabara huoteshea vijidudu. Aliweka kimoja kwenye meza ya kitanda changu na kutuambia tuangalie. Katikati kulikuwa na mstari wa ute wenye rangi ya kijani, na kijani kile kilikuwa kimeenea kikapaka chakula chote cha vijidudu humo sahanini. Pembeni, pande zote mbili, kulikuwa na ukungu wa vumbivumbi, ule hasa wa ugali uliosahauliwa kabatini. Ila ukungu ulikuwa haujaufikia ule mstari. Ulikuja, ukafika mahali ukasimama, ukaacha njia tupu isiyo na kitu.

Safa alieleza polepole, kwa Kiswahili chake kile cha kwao. Kifua cha mama, alisema, kina bakteria na kina kuvu, wote wawili, pamoja, pengine kwa miaka. Hawapendani. Bakteria hutengeneza ile rangi ya kijani na rangi hiyo ni sumu kwa kuvu. Kuvu naye ana sumu zake. Hiyo njia tupu ndiyo mpaka wao.

"So wanamalizana," Norman akasema. "Si tuwaache?"

"Hawamalizani, kaka. Kila mmoja anamzuia mwenzake tu asizidi. Na hizo sumu wanazorushiana haziishii kwao. Hapa ni sahani, sahani haina neno. Kule ni nyama ya mama yako. Wao wapo, wanagombana, na aliye kati yao ndiye anayeoza."

Nyawira akauliza kwa nini basi asiuawe mmoja, nusu ya shida iishe.

"Ndivyo mlivyofanya, dada. Ukimuua bakteria, kuvu anapata nyumba nzima. Ukimpiga kuvu, bakteria anarudi na hasira zake. Mmewapa nafasi ya kupumzika kwa zamu, na kila anayepumzika anarudi na nguvu mpya. Dawa ni kuwapiga wote wawili kwa wakati mmoja, miezi mingi, bila kuruka."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, lakini hakuna aliyewahi kuniambia linakuwaje hilo zizi. Niliangalia ile njia tupu kwenye sahani, kisha nikamwangalia Norman aliyesimama kulia kwangu na Nyawira aliyesimama kushoto. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia.

Safa alikuwa bado anakuna kichwa. Akatoa zile karatasi mbili mfukoni. Alisema kuna jambo moja haliingii akilini mwake: kifua ni kimoja, wiki ni moja, maabara mbili, na bado huku wameona bakteria tu na huku kuvu tu. Lazima mahali fulani pana uzembe. Norman akasema kwa daktari kwamba uzembe uko Ngara. Nyawira akasema kwa daktari kwamba watu wa Lavington huandika majibu wakiwa kwenye chai. Sauti zikaanza kupanda, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kuangalia.

"Maabara hazina makosa," nikasema. "Ni mimi niligawa."

Nikawaeleza. Kijani cha Norman kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye wa asubuhi. Kahawia ya Nyawira. Makopo sawa, kiasi sawa, na dawa nazo kwa zamu, asionewe mtu. Nilieleza vizuri, bila kuomba radhi, maana sikuona bado ni wapi nilipokosea katika hesabu yenyewe. Daktari Safa aligeukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Aliporudi alikuwa amejifunga uso wa kazi, lakini macho yalikuwa na maji.

Nyawira hakucheka.

"Mum, ungekufa," akasema. "Ungekufa juu ya kugawa makohozi."

"Ningekufa," nikamwambia, "lakini kila wiki ningekuwa nimewaona wote wawili. Kabla ya hiki kifua nilikuwa nawaona lini? Mngeniambia ni ugonjwa wa nani, mmoja angeshinda. Na yule aliyeshindwa ningemwona wapi tena?"

Norman aliiangalia ile sahani. Aliiangalia muda mrefu, kidole chake kikigusa kifuniko pale penye njia tupu. Kisha akainua macho, si kwangu wala kwa daktari.

"Ulikuja na nini?" akamuuliza dada yake.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ukuta. Nyawira mwenyewe aliangalia nyuma aone kama anaulizwa mtu mwingine.

"Nilikuja na matatu," akasema.

"Siku ya kumtoa, nitakupitia dukani."

Na alimpitia kweli. Siku niliyoruhusiwa walikuja pamoja, wamebeba mfuko mmoja wenye dawa za aina zote mbili, wakanilaza kiti cha nyuma cha gari na mito miwili. Nyawira akakaa mbele na kaka yake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Tulipofika Westlands Nyawira alisema hizi dawa za kuvu lazima zimezwe na chakula cha kushiba, na mum akiachwa peke yake anakula mkate na chai anasema ameshiba. Norman akasema ndiyo, na zile za bakteria haziendi na maziwa, na mum chai yake ni maziwa tupu. Nyawira akasema itabidi mtu awe pale jioni. Norman akasema watu, si mtu, kwa sababu mmoja atamdanganya.

"Huyo?" Nyawira akasema. "Huyo anaweza kudanganya hata wawili."

"Ameshadanganya wawili," Norman akasema, na nikasikia wanacheka, kwanza yeye, halafu wote, kile kicheko chao cha zamani cha kutoka puani.

Nilitaka kuwaambia kwamba niko hapo hapo na ninasikia. Hawakunipa nafasi. Walikuwa wamefika kwenye mahindi yangu. Safa alikuwa amewauliza kama nyumbani kuna kitu chenye ukungu, na Nyawira akakumbuka magunia ninayoweka chini ya kitanda, maana ghalani wezi ni wengi na wengine wanajua kuchagua. Norman akasema yale magunia yana vumbi la kijani, yeye ameliona kwa macho yake. Nyawira akasema yatupwe leo leo. Norman akasema yachomwe. Wakaendelea hivyo, mmoja akipendekeza na mwingine akikubali, na kila walichokubaliana kilikuwa dhidi yangu: mahindi, chai, kuku wanaolala jikoni, hata jiko langu la mkaa ambalo lilikuwa halijamkosea mtu. Watu walioshindwa kugawana shamba waliyagawa maisha yangu yote kabla hatujafika Kangemi, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na hasira ambayo sijaiona tangu ujana wangu. Yale mahindi niliyapanda kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikajiinua kwenye mito niwaambie. Nikavuta pumzi, na palepale nikasikia kikohozi kinakuja, kile kikubwa, kinapanda kutoka kule chumbani kwake. Mbele yangu Norman alikuwa anamuuliza dada yake kama duka linafungwa saa ngapi siku za katikati ya wiki, na Nyawira alikuwa amemgeukia anamweleza. Nawajua watoto wangu. Nikikohoa, watanyamaza, watageuka wote wawili waniangalie mimi.

Nikauma leso yangu kwa meno, machozi yakinitoka, nikakimeza kikohozi hadi Kinoo.